Kete thelathini na mbili



Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za watakatifu, za ndoa na za malezi ya watoto. Leo tunaomba ruhusa kusema juu ya mchezo, tena mchezo wa wazee wanaokaa chini ya mti na kuhesabu kete. Msiseme, "Mwalimu huyu amekosa la kuandika." Ngojeni kwanza. Jambo lililotupata katika mchezo huo halijatutoka moyoni, wala hatutaki litutoke.

Katika milima ya Masisi mchezo huo huitwa igisoro. Waganda huuita omweso, basi msidhani tunasema juu ya Mweso, mji wetu wa hapa Masisi. Watu wa pwani wana ndugu yake, nao humwita bao. Ubao una mashimo 32, yaani safu nne zenye mashimo manane kila moja. Kila mchezaji ana safu mbili za kwake, moja ya nje iliyo karibu na tumbo lake, na moja ya ndani inayoelekea kwa mwenzake. Kila mmoja ana kete 32. Kete ni mbegu kavu tu, na asiye na ubao huchimba vishimo katika udongo na mchezo ukaendelea.

Kanuni zake ni chache. Unatwaa kete zote za shimo lako moja na kuzipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, ukizunguka safu zako mbili. Shimo lenye kete moja tu halianzishi mchezo. Kete ya mwisho ikianguka katika shimo tupu, zamu yako imekwisha. Ikianguka katika shimo lenye kete, unaziinua zote na kuendelea kupanda. Lakini ikianguka katika shimo la safu ya ndani lenye kete, na mwenzako ana kete katika mashimo yake yote mawili yanayolikabili, la ndani na la nje, basi unaziteka zote na kuzipanda upande wako. Anayebaki na kete moja moja tu hawezi tena kucheza, naye ameshindwa. Hakuna kura wala bahati katika kupanda. Kila kete iko mbele ya macho, na mwenye kuona mbali ndiye mwenye kushinda.

Kila watu wana desturi yao ya kuanza. Pwani, mchezaji wa bao huanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, akiziingiza moja moja. Hapa kwetu wazee wengi huanza na kete nne nne katika mashimo manane, wote sawa. Lakini kwa Waganda kuna desturi ya namna nyingine. Kabla ya kuanza, kila mmoja huzipanga kete zake 32 anavyotaka mwenyewe. Akitaka kuzirundika mahali pamoja, ni shauri lake. Akitaka kuzitawanya, vilevile. Kwa hiyo mchezo huanza kabla ya mchezo. Mtu hulala usiku akifikiri atapanga namna gani.

Desturi hiyo ilifika kwetu pamoja na wakimbizi. Mnajua ya kuwa watu wengi wa Masisi na Walikale wamekimbilia Uganda mara nyingi. Mwaka 2012, vita vilipowaka tena, Uganda ilifungua kambi ya Rwamwanja kwa ajili ya Wakongomani, na wengi wa milima yetu wakaenda kukaa huko. Waliorudi walirudi na mambo mengi. Wengine walikuja na cherehani, wengine na Kiganda kidogo, na wengine na desturi hiyo ya kupanga kete.

Basi mwaka 2021 Padri Paroko wetu alitoa shauri. Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, ilikuwa inakaribia. Kila mwaka vijana walicheza mpira, na wazee walikaa kando wakitazama. Tena vigango viwili vya bondeni vilikuwa havitembeleani vizuri tangu vita. Paroko akasema, "Mwaka huu kila kigango kitoe mchezaji mmoja wa igisoro, mzee au kijana. Watapanga kete kwa desturi ya Uganda, maana ndiyo inayopendwa sasa. Hakuna kuweka fedha. Atakayeshinda atapewa jembe jipya." Kigango chetu kilituchagua sisi. Kigango cha ng'ambo ya mto kilimchagua mzee mmoja aliyerudi kutoka Rwamwanja mwaka 2018. Tulimjua sana mzee huyo. Tena tulikuwa na shauri naye, ambalo tutalieleza mbele.

Tangu siku ile tulianza kujitayarisha. Kila usiku, baada ya sala na watoto, tuliwasha taa na kutandaza ubao juu ya meza. Kete hatukuwa nazo za kutosha, tukatumia maharage kutoka gunia lililokuwa pembeni. Tulipanga, tukacheza upande wetu na upande wa mwenzetu, tukafuta, tukapanga tena. Mama watoto alitutazama, akasema, "Baba, maharage ni ya kupika, si ya kuhesabu usiku." Tukacheka, tukaendelea.

Tuliona ya kuwa kuna namna mbili za kupanga. Namna ya kwanza ni ya mtu mkali. Anatawanya kete zake ili zamu yake ya kwanza iende mbali, ikizunguka mara mbili, mara tatu, na kuteka mara moja kabla mwenzake hajapumua. Namna hii ni nzuri kwa kutazama, na watazamaji hupiga makofi. Lakini mtu huyo amefungua milango yake yote. Akikosa kidogo, ametekwa yeye.

Namna ya pili ni ya kuzuia. Hiyo ndiyo tuliyoichagua. Tuliwaza hivi: kete hazitekwi mpaka mashimo yote mawili yanayokabiliana yawe na kete. Basi tukiacha safu ya ndani tupu, mwenzetu atateka nini? Tukaweka kete 20 katika shimo moja, lile la nje la mwisho upande wa kushoto, maana mwenzake wa ndani ndilo shimo linalofikiwa mwisho kabisa katika mzunguko. Hiyo ikawa ghala yetu. Kete 12 zilizobaki tukazifanya mafungu manne ya kete tatu tatu, na shimo tupu moja kati ya fungu na fungu. Fungu la kwanza likichezwa, kete yake ya mwisho huangukia shimo tupu, na zamu hukoma. Hatukupata kitu, lakini hatukufungua kitu. Mwenzetu ndiye mwenye kulazimika kucheza tena. Atacheza mara ngapi bila kukosea? Siku moja atajaza mashimo mawili yanayokabiliana mbele yetu, nasi tutatwaa tatu, halafu nne. Hatuna haraka. Ndiyo hekima ya kuzuia: usimpige mwenzako, mnyime tu pa kushika, mpaka ajichoshe mwenyewe.

Wakati huo mpwa wetu, mwanafunzi huko Goma, alikuwa amekuja kutusalimu. Alitukuta tumeinama juu ya maharage, akacheka, akasema, "Mjomba, kumbe nanyi mnacheza kama wale wa karata!" Tukamwuliza karata gani. Akatueleza ya kuwa huko Marekani mtu mmoja jina lake Richard Garfield alitunga mchezo wa karata za picha, ukatoka mwaka 1993, nao umeenea sehemu nyingi za dunia. Si karata hizi zetu za 52, ambazo wote hutumia fungu moja. Kila mchezaji hujitengenezea fungu lake nyumbani. Huchagua karata zisizopungua 60 kutoka katika karata nyingi sana, na karata za jina moja hazizidi nne, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Mtu hufikiri siku nyingi atie ipi na atoe ipi, kisha huenda mashindanoni na fungu lake. Na huko pia, alisema mpwa wetu, kuna wanaotengeneza fungu la kushambulia upesi, na kuna wanaotengeneza fungu la kuzuia. Huyu wa kuzuia hatafuti kushinda mapema. Kila mwenzake anachotoa, yeye hukifuta au hukiondoa. Huweka karata moja au mbili tu za kumalizia mwishoni, mwenzake akiwa hana kitu. "Na watu huchukia kucheza naye," alisema kijana, "maana kila unachotaka kufanya, anakwambia hapana." Habari hiyo ilitufurahisha sana. Tukaona akili yetu si ya kijijini tu, na wazungu nao wameiona. Yale maneno ya mwisho hatukuyashika.

Labda mtu atauliza kama katekista anaruhusiwa kupoteza usiku kwa mchezo. Nasi tulijiuliza. Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva, aliandika ya kuwa michezo ya akili na ya mwili ni halali na yafaa kwa kupumzisha roho, isipokuwa fedha nyingi isiwekwe na wakati mwingi usipotee. Hata mchezo wa sataranji aliuonya usichezwe saa nyingi mpaka akili ichoke. Basi tulijipa saa moja kila usiku. Tuseme kweli, mara nyingi ilikuwa mbili.

Siku ya sikukuu ikafika. Baada ya Misa takatifu watu walikaa uwanjani mbele ya kanisa. Tulicheza na wa kigango cha kwanza, tukamshinda. Wa pili naye alikuwa mkali, akafungua milango yake yote, tukamshinda. Jua lilipopinduka tulibaki wawili, sisi na yule mzee. Kura ilimwangukia yeye kupanga kwanza. Akazipanga kete zake wazi wazi, kama mtu anayetandaza nafaka juani. Sisi tukaweka 20 pale kushoto, na tatu tatu zetu.

Mzee alicheza vizuri kuliko wote. Zamu zake zilikwenda mbali, watu wakapiga kelele. Lakini kila alipofika kwetu alikuta safu ya ndani tupu. Alizunguka, akarudi mikono mitupu. Sisi tukacheza kidogo kidogo. Mara tukatwaa tatu. Baadaye tano. Akaanza kufikiri sana. Akaanza kukohoa. Kivuli cha mnara wa kengele kilikuwa kimefika miguuni petu wakati zilipombaki kete tisa, katika mashimo tisa, kila moja peke yake. Hakuwa na la kucheza.

Watu wa kigango chetu walirukaruka. Mzee hakuinuka. Alitazama ubao, kisha akatutazama sisi, akasema polepole, "Mwalimu, mkono wako ni mzuri. Sina pa kushika. Lakini mchezo huu naujua. Tunaucheza wewe na mimi tangu niliporudi."

Waliokaa karibu walicheka, wakidhani mzee anafanya mzaha. Sisi hatukucheka. Tulikuwa tumeelewa.

Sasa tueleze lile shauri. Mwaka 2012, mzee huyo alipokimbia na jamaa yake, aliacha shamba zuri mtelemkoni, karibu na kijito. Wakati huo tulikuwa tumetoka seminarini bila kufikia upadri, tumeoa karibuni, na hatukuwa na shamba la kutosha. Kapita wa kijiji akatuambia, "Limeni hilo, lisigeuke pori." Hakusema ni letu. Tukalilima. Halikuwa kosa hata kidogo. Maharage yakastawi, watoto wakazaliwa, wakala, wakaenda shule.

Mwaka 2018 mzee akarudi. Alikuja kwetu kwa adabu, akakaa, akasema anaomba shamba lake. Hatukumkatalia. Hapo ndipo penyewe, wasomaji wapenzi: hatukumkatalia hata siku moja! Tulimkaribisha, tukampa uji. Tukasema, "Mzee, ngoja tupande msimu huu tu, maana mbegu tumekwisha kununua." Maharage yalipovunwa tukasema, "Tuite mashahidi wanaojua mawe ya mpaka." Mashahidi wawili walikuwa wamekufa, wa tatu alikuwa bado Uganda. Tukasema, "Tumngoje." Kisha kapita akabadilika, nasi tukasema, "Yule wa zamani ndiye aliyetupa, huyu mpya hana habari. Itatupasa kuandika karatasi." Karatasi ikaandikwa, tukaona neno moja halikukaa vizuri. Baraza likaitwa, nasi siku hiyo tulikuwa na mafundisho ya Kipaimara kigango cha mbali. Misimu sita ikapita namna hiyo. Mzee alikuja, akarudi mikono mitupu. Hatukumtukana wala kumtisha. Tulimnyima tu pa kushika.

Seminarini tulifundishwa kujadiliana kwa neno la Kilatini, distinguo, maana yake "natofautisha". Mwenzako akileta hoja nzito, husemi ndiyo wala hapana. Unasema, distinguo, na kuigawa hoja yake vipande viwili. Ni chombo kizuri cha kutafuta kweli. Lakini sisi tulikitumia kuilima haki ya mtu mwingine misimu sita. Kila mwaka tulifundisha watoto amri ya saba. Tuliwaeleza ya kuwa mwizi si yule tu anayevunja mlango usiku, bali hata anayeshika cha mwenzake akijua si chake. Watoto waliitikia vizuri sana.

Siku ile tulirudi nyumbani na jembe jipya begani. Yale maharage yalikuwa bado mezani, yamepangwa ishirini na tatu tatu. Tukayatazama. Yalitoka wapi? Yalitoka katika shamba lile. Tulikuwa tumejifunza kumshinda mzee kwa maharage yake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kuungama. Tulieleza yote kwa maneno mengi, na mwishoni tukaanza tena kutofautisha: ya kuwa kapita ndiye aliyetupa, ya kuwa tulilitunza lisigeuke pori. Padri alisikiliza, akasema maneno mawili tu: "Kwanza shamba."

Mama watoto hakulia wala hakugomba. Aliuliza tu, "Watoto watakula nini mwezi wa kumi na mbili?" Hatukuwa na jibu. Wasomaji, msisikie habari za kurudisha mali ya watu mkafikiri ni jambo jepesi, la machozi mazuri na nyimbo. Kurudisha kunaumiza. Kama hakuumizi, labda mali yenyewe bado imebaki kwako.

Agosti haikuwa imekwisha bado. Shamba lilikuwa tupu, likingoja jembe la mwezi wa tisa. Tulimwita kapita, tukawaita wazee watatu, tukazunguka mawe ya mpaka pamoja na mzee. Hatukudai mashahidi wengine. Tena tulimletea magunia mawili ya maharage na mbuzi jike mmoja kwa ajili ya misimu sita, na lile jembe juu yake. Tulimkumbuka Zakayo, mtoza ushuru, aliyeahidi kurudisha mara nne. Yetu haikufika mara nne, wala hata mara moja, lakini ndiyo tuliyokuwa nayo.

Tuungame na hili. Moyoni tulitumaini ya kuwa mzee atasema, "Mwalimu, yatosha, mbuzi rudi naye." Hadithi nyingi za wema huishia hivyo. Mzee hakusema hivyo. Alifungua magunia, akatia mkono ndani mpaka chini, akatazama kama hakuna mawe. Akampima mbuzi meno. Akalijaribu jembe. Kisha akasema, "Nimepokea," akafunga kamba. Kwa kitambo kidogo tulikasirika. Baadaye tukaona ya kuwa alitenda vema. Kama angetusamehe papo hapo mbele ya wazee, tungalirudi nyumbani na sifa, na sifa hiyo nayo ingekuwa mali yake.

Msimu uliofuata tulikodi kishamba mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani. Mwezi wa kumi na mbili tulikula viazi vitamu mpaka watoto wakavichukia. Karo ya mtoto mmoja ilichelewa. Lakini watu wa kigango cha ng'ambo walianza kuja kwetu Jumapili, kwanza wawili watatu, halafu wengi. Na jioni moja mzee mwenyewe alikuja na ubao wake chini ya kwapa. Alisema, "Mwalimu, leo panga wazi." Tukapanga wazi. Akatushinda mara tatu mfululizo, akacheka mpaka akakohoa.

Habari ingeweza kuishia hapo, lakini maisha ya milima yetu hayaishi hapo. Vita vilirudi. Mwezi wa Januari 2025 mji wa Masisi uliingia mikononi mwa wenye silaha, na watu wengi wakakimbia. Sisi na jamaa tulikwenda kwa miguu kuelekea upande wa Walikale. Mwezi wa Machi vita vilifika hata mji wa Walikale. Katika msitu huo tulipokewa na familia ya Wanyanga, watu ambao hawakutujua kabisa. Walitupa chumba, moto na ndizi.

Usiku mmoja mzee wa nyumba alituhadithia juu ya Mwindo, shujaa wa Wanyanga. Masimulizi hayo yana jina kubwa hata ng'ambo, maana mwaka 1956 mzee Candi Rureke alimwimbia mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck, naye pamoja na Kahombo Mateene wakayachapisha katika kitabu mwaka 1969. Mwindo alishuka kuzimu kumtafuta baba yake, Shemwindo, aliyetaka kumwua. Huko akamkuta Sheburungu, wakacheza wiki, mchezo wa mbegu wa Wanyanga. Sheburungu akamshinda kabisa. Mwindo alipoteza mali na watu wake, akabaki na fimbo yake ya enzi tu. Akaiweka hiyo fimbo, mchezo ukageuka, akashinda vyote, vyake na vya mwenzake. Lakini alipokuwa anaondoka, mzee alisema, Mwindo alimwambia Sheburungu abaki na vitu vyake vyote, hakuvitaka. Alikuwa amekuja kumtafuta baba, naye amempata. Na huko nyumbani hakumfukuza baba yake katika nchi. Walipatana na kuigawana.

Hatusemi ya kuwa mchezo wa kuweka mali ni mzuri. Kanisa linatuonya juu ya kamari, na Mwindo mwenyewe karibu angalibaki hana kitu. Lakini tulimwaza sana usiku ule. Wanyanga, kabla ya kumsikia mmisionari yeyote, walijua ya kuwa kuna vitu unavyovishinda kwa haki ya mchezo ambavyo bado yakupasa kuviacha. Sisi, pamoja na Kilatini chetu, tulichelewa misimu sita.

Basi, wapenzi, tuseme neno letu. Kuzuia ni hekima. Ubaoni tutaendelea kuweka 20 kushoto, na atakayekuja atukute tumejiandaa. Mzazi anayezuia mtoto asifuate njia mbaya, anafanya vema. Kijana anayezuia ulimi wake anafanya vema. Lakini ubaoni mwenzako amekubali kucheza, na kete mmegawana sawa kabla ya kuanza. Nje ya ubao si hivyo. Mjane anayedai urithi, mfanyakazi anayedai ujira, jirani anayedai shamba, hao hawakuja kucheza. Ukiwaambia "njoo kesho" mara sita kwa uso wa upole, upole wako ni kete ya 33, nayo haimo katika mchezo. Kila mmoja wetu atazame nyumbani kwake kama hakuna mtu anayekuja na kurudi mikono mitupu.

Na sisi tunaoandika haya tumeacha kishamba kule milimani, chenye migomba michache na mawe manne ya mpaka. Labda mtu analilima sasa, naye ana njaa, nasi hatumlaumu. Alime, ale. Tunamwombea afya, yeye na watoto wake. Ila tunamwomba Mungu jambo moja juu yake: siku tutakaporudi na kubisha hodi, asiwe mchezaji hodari kama tulivyokuwa sisi.